Tisa Nukta Nne

Nabonyeza stata: tk.
Nabonyeza tena: tk, tk,
kama mtu anayesonya nyuma ya mlango.
Taa ya nyutro yawaka kidogo, yafikiri,
yazima.

Miezi minne chini ya turubai,
nyuma ya bafu la ploti, Kariobangi,
tangu Outering, tangu lile lori la mchanga,
tangu mguu wangu utiwe chuma na skrubu saba.

Mutheu hakuniuliza habari za mguu.
Alisogeza magongo yangu kwa kisigino,
akachuchumaa, akang'oa kiti cha pikipiki.
"Hasi kwanza," akasema, spana namba kumi mkononi.
"Anza na chanya, spana iguse chasi,
uone fataki za Krismasi mwezi wa sita."
Kwenye ncha za betri unga mweupe ulikuwa umeganda
kama magadi ukingoni mwa sufuria.
Akaumwagia maji moto, akasugua kwa mswaki
(sikuuliza wa nani).

Waya mwekundu. Waya mweusi.
Tisa nukta nne.
"Nzima hulala kumi na mbili na nusu na kitu.
Hii haijafa. Imezirai.
Iliyokufa ningekutuma kwa wale wa vyuma,
wakupimie kwa kilo."

Kisha akafuata waya mmoja mwembamba
kwa kidole, kama anayesoma barua isiyo yake,
hadi kwenye alamu niliyofungiwa Kirinyaga Road
ili wezi wasiibebe.
"Mwizi wako ndiye huyu.
Usiku na mchana analinda, anakula."
Haba na haba,
kibaba kikaisha.

Vifuniko sita, seli sita. Akamulika kwa simu:
sahani za risasi zimechungulia juu ya maji
kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Akaongeza maji ya betri hadi kwenye mstari,
tone la mwisho akalirudisha chupani.
"Nusu ampea, usiku kucha.
Ukiiharakisha itachemka, sahani zipinde,
ubaki na joto lisilo na nguvu."
Daktari alisema karibu hayo hayo juu ya mguu,
ila kwa Kiingereza, na kwa haraka.

Nikalala nayo chumbani, dirisha wazi kwa ajili ya gesi,
vipovu vikisengenya.
Saa nane usiku vikanyamaza:
tokeni imeisha.
Nikalipa hamsini kwa simu, nikangoja meseji,
nikaingiza tarakimu ishirini kwa kidole kimoja,
mguu mmoja, gongo kwapani.
Nikakosea. Nikarudia.
Jirani akagonga ukuta.
Vipovu vikaanza tena.

Asubuhi: kumi na tatu! Mutheu hakushangilia.
"Imetoka chajini sasa hivi, inajisifu.
Ni mgeni wa siku ya kwanza,
tabia yake utaijua akishapumzika."
Saa saba mchana: kumi na mbili nukta sita.
Akafunga chanya, akamalizia na hasi,
akawasha taa kubwa, akatazama kipimo, si taa.
Kumi na mbili nukta tatu.
Nukta mbili.
Ikasimama hapo, ikakataa kushuka.

Alamu ilibaki mfukoni mwa aproni yake,
nyaya zikining'inia kama ndevu za kambare.

"Bonyeza, Wafubwa."

Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.
Taa ya nyutro kijani kabisa, sukuma iliyonyeshewa.
Ng'ambo ya ukuta wa mabati Outering ilikuwa palepale,
malori yakibadilisha gia,
na skrubu zote saba zikayasikia.

Kila kitu kilikuwa na moto wake.
Waya wote ulikuwa mzima, kutoka betri
hadi kwenye kitufe.
Kutoka kitufe hadi kwangu,
sijui.

Mutheu akageuza ndoo, akaikalia,
akafuta spana kwa kitambaa, upande mmoja,
upande wa pili,
hakusema tena bonyeza.
Nusu ampea.